Miaka Tisa ya Kumsalimia Bibi

Chupa zilikuwa tisa, zimepangwa juu ya meza ndefu ndani ya pango la kuhifadhia mvinyo. Sidonie alikuwa ameonja mbili tu, na tayari alitamani kuusugua ulimi wake kwa sabuni ya kufulia.

Mvinyo wa 2023 ulinuka plasta. Si plasta mpya inayotoka kwenye pakiti, ni ile iliyokaa kidoleni siku nne, ikaoshea vyombo, ikaoga, ndipo ukaibandua ukakuta ngozi chini yake imekuwa nyeupe. Wa 2022 ulinuka farasi. Farasi aliyekimbia mchana kutwa, akafungiwa zizini bila kufutwa jasho. Sidonie aliusukasuka mdomoni kidogo, kwa adabu, akainama akautema kwenye ndoo. Ule uchachu ukabaki umeng'ang'ania nyuma ya meno kama mgeni asiyejua kuaga.

"Shemeji," alisema Odilon Brisset kutoka upande wa pili wa meza, "huyu farasi wa 2022 alikuwa dume au jike?"

"Alikuwa wa jirani," Sidonie alimjibu.

Odilon akacheka mpaka kitambi kikagonga meza. Jirani mwenyewe ndiye yeye. Mizabibu yake na ya ukoo wa Courtault imetenganishwa na njia ya trekta tu, na utani wao una umri mkubwa kuliko njia yenyewe.

Mzee Anselme Courtault, baba mkwe wa Sidonie, hakucheka. Alikuwa amekaa kichwani mwa meza na sweta lake la Jumapili, ingawa ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, kabla mtu hajala kitu cha kumharibia ulimi. Alimwambia Odilon acheke tu, maana mvinyo wa kwake Odilon hauna harufu ya kitu chochote. Ukimwagika chini hata nzi anapita na safari zake.

Mgeni wa pili alikuwa Bi Vauzelle, dalali wa mvinyo, mwanamke mwembamba anayenunua kwa wakulima na kuwauzia wafanyabiashara wa mjini, na ambaye anasema maneno machache kana kwamba anakatwa kodi kwa kila neno. Yeye na Odilon wote wawili walikuwa kwenye kamati ya waonjaji. Na kamati ndiyo iliyowakutanisha pale.

Mwezi uliotangulia, mavuno ya mwaka jana ya nyumba ya Courtault yalionjwa na kamati, glasi hazina majina, na yakakataliwa. Barua ilikuwa na mstari mmoja: harufu ya zizi, imezidi. Alhamisi yangeonjwa mara ya pili na ya mwisho. Yakikataliwa tena, mvinyo wote ule ungepoteza haki ya kuandikwa Chinon, jina la eneo lao, kwenye lebo. Ungevutwa kwa bomba kwenda kwenye lori la tangi, ukachanganywe na wa watu wasiojulikana, ukauzwe kwenye maboksi yenye kibomba. Kwa watu wa kule, hiyo ni sawa na mtoto wako kunyang'anywa jina la ukoo mbele ya shule nzima.

Na mtoto mwenyewe, yaani mvinyo ule, alikuwa wa Sidonie. Karatasi za kumrithisha shamba zilikuwa zimeshaandikwa, kilichobaki ni kusainiwa baada ya mavuno yajayo. Alikuwa ameolewa kwenye ukoo huo miaka kumi na saba. Mumewe Corentin alifundisha hesabu huko Tours na alisema harufu ya pango inamtia kipandauso. Kwa hiyo aliyepogoa mizabibu kwenye baridi, aliyeosha mapipa, aliyejua kila mteja kwa jina la mbwa wake, alikuwa mke. Mzee alibaki na kitu kimoja tu asichomwachia mtu. Salamu.

Mwisho kabisa wa pango, kwenye giza la jiwe jeupe, lilisimama pipa kubwa lenye urefu wa mtu, waliloliita Bibi. Babu wa Anselme alilijaza mwaka 1921 na halijawahi kuisha. Kila mwaka, mwezi wa tatu, Anselme alikinga jagi kwenye bomba la Bibi, akatia jagi moja kwenye kila pipa la mvinyo mpya, kisha akamjaza Bibi kwa huo mpya ili asipungue. Mtoto akizaliwa anapelekwa kuwasalimia wakubwa, ndivyo alivyokuwa akisema. Na kweli, kwa miaka mingi mvinyo wa Courtault ulikuwa na kaharufu kake, kidogo ka ngozi, kidogo ka banda, na wapo wateja walioupendea hako hako. Ila tangu 2021 Mzee alikuwa anatia jagi mbili. Alisema mvinyo wa siku hizi una aibu, hausemi.

Sasa ulikuwa unapiga kelele.

Mpango wake wa siku ile ulikuwa rahisi. Wageni waonje miaka tisa, kuanzia mdogo kwenda kwa mkubwa, wasikie kitu kile kile kikipita katikati yao wote, waelewe kwamba ile si kasoro bali ni sura ya familia. Wacourtault wote wana pua kubwa, aliwaambia, na hakuna daktari aliyewahi kuiita ugonjwa.

Sidonie akamimina wa 2020. Bandeji na karafuu. Akamimina wa 2018, na huo ulikuwa na kitu kipya, mkojo wa panya kwenye kona ya stoo, ambao huusikii ukinusa, unausikia ukishameza, unapanda wenyewe kutoka kooni. Alijisahau akameza. Mate yakamjaa mdomoni, yale mepesi ya chumvi yanayokuja kabla ya kutapika, akashika ukingo wa meza na kuhesabu mawe ya ukutani mpaka yakapungua. Bi Vauzelle alitema kimya kimya, akala kipande cha mkate, akatema na mkate.

Anselme alikuwa anazungumza. Kwa kila glasi alikuwa na hadithi: mvua ya mwaka ule, mtu gani alikuja kuvuna, marehemu mkewe Yvonne alipika nini siku ya mwisho ya mavuno. Alikuwa anapendeza akizungumza, na hiyo ndiyo iliyomkera Sidonie zaidi, kwamba mtu anaweza kupendeza hivyo huku ameshika glasi ya kitu kama kile. Hakutema hata mara moja. Alimeza yote.

Ikaja 2016.

Hapa lazima ieleweke kwamba kizibo cha chupa, kile cha gome la mti, huwa kinaweza kuoza, na kikioza mvinyo unanuka kadibodi iliyonyeshewa, au tambara la deki lililosahaulika kwenye ndoo iliyofunikwa. Si kosa la mtu. Kwenye fani ile hata mlevi anajua: mwenye nyumba ananusa, anasema neno moja, "kizibo," chupa inawekwa pembeni, inafunguliwa nyingine. Lakini ni lazima aseme mwenye nyumba. Mgeni akitangulia kusema amemtukana.

Chupa ya 2016 kizibo kilikuwa kimeoza waziwazi. Sidonie alisikia tambara la deki glasi ikiwa bado mbali na uso. Odilon alisikia, nyusi zikampanda. Bi Vauzelle alisikia, akaiweka glasi chini, akatazama viatu vyake, akangoja. Wote watatu wakangoja.

Anselme aliingiza pua yake kubwa kwenye glasi, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho.

"Huu umetulia," alisema. "Msikieni Bibi alivyokaa."

Odilon alifungua mdomo na kwa mara ya kwanza maishani mwake haukutoka mzaha. Sidonie alitaka kusema neno lile moja yeye mwenyewe, ulimi ukakataa. Badala yake wakatokea kufanya jambo la ajabu, wakaonja. Watu watatu wazima, kwa heshima, wakajaza midomo yao maji ya deki, wakayasukasuka, wakaitikia kwa vichwa.

Baada ya hapo, kwa haraka, Sidonie akamimina wa 2013.

Huu ulikuwa mwaka wake, na alikuwa akiuogopa tangu asubuhi. Mavuno yalikuwa mabovu, mvua na baridi, zabibu kidogo mpaka zote zikaenea kwenye tangi moja la chuma. Halafu mwezi wa tatu uliofuata Anselme akaanguka kwenye ngazi, akavunjika nyonga, akalazwa wiki sita. Akiwa kitandani alimpigia simu mkamwana wake, akamwagiza ampe mvinyo salamu, na akataka aape. Sidonie aliapa. Alikwenda na jagi, akafungua bomba la Bibi, mvinyo ukatoka kidogo kisha ukakwama. Akachokonoa kwa waya. Kilichotoka kilikuwa laini, cheusi, kinateleza, kikubwa kama ini la mbuzi, kikaanguka kwenye jagi kwa mlio ambao hajausahau, na nyuma yake ukafuata mvinyo wenye nyuzi. Alimwaga vyote kwenye mtaro, akaosha jagi kwa maji ya moto mara tatu, akaosha mikono mpaka viwiko, akampigia mzee simu na kumwambia tayari, amesalimia. Wakati wa kumjazia Bibi mvinyo mpya alifumba macho.

Mvinyo wa 2013 ulipotoka, Anselme aliuita mwaka wa maji. Familia nzima ikauita hivyo. Kila Krismasi kuna mtu aliyeomba apitishiwe maji ya Sidonie.

Sasa Odilon aliunusa, akaunusa tena. Bi Vauzelle aliunusa, akaonja, na hakutema. Ndani ya pango lote lile la mazizi na mabandeji, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kilichonuka tunda. Rasiberi, jani bichi, jiwe lililolowa. Mwembamba, ndiyo, kama mtoto wa mwaka wa njaa, lakini msafi.

"Kama mnajua kutengeneza hivi," Bi Vauzelle alisema taratibu, "kwa nini mnatengeneza vile?"

Anselme akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali alilolisubiri. Akasema huo ni mwaka dhaifu, mwaka aliokuwa hospitali, lakini hata hapo Bibi yumo. Akanusa. Yumo, akasema, chini kabisa, zizi lile lile, ngozi ile ile, wasikilize vizuri.

Sidonie akainua glasi yake akanusa tena. Zizi halikuwemo. Hakuna aliyejua hilo kama yeye.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya chupa ya 2009. Aliwapa mgongo, akafanya kitu ambacho hakukipanga. Wageni aliwamiminia wa 2009 kama inavyotakiwa. Glasi ya Anselme aliijaza tena 2013. Kwenye mwanga wa balbu ile moja, rangi hazikupishana sana.

Mzee alinusa akaanza. Mwaka wa jua huo, alisema, jua lililowakausha mpaka mbwa. Akaeleza uzito wake, mafuta yake, akaeleza jinsi Bibi alivyojaa kifuani, mpana, na jasho lake la farasi wa kulima. Mikono ilikuwa inasema pamoja naye. Wageni walikuwa wanashika pua zao kwa ujanja, kila mmoja kwa kisingizio chake, kwa sababu 2009 halisi, kwenye glasi zao, ulikuwa siki na rangi ya kucha na kitu kilichokufa nyuma ya kabati. Na yeye, mbele ya glasi safi ya tunda, alikuwa anaeleza kitu hicho hicho, neno kwa neno, kwa kumbukumbu.

Kinyaa kilichomshika Sidonie safari hii hakikutoka kwenye glasi. Miaka minne alikuwa amemtazama mzee akitia jagi mbili mbili. Alisikia mvinyo ukioza mwaka hadi mwaka. Kila alipoulizwa unauonaje, alijibu mzuri, Baba, akaenda zake kupogoa. Alijisikia kama ndoo ya kutemea iliyo mbele yake, imejaa, na povu juu.

Angeweza kuendelea kumimina. Zilibaki chupa mbili. Wageni wangeaga kwa heshima, Alhamisi ingefika, kamati ingekataa, lori la tangi lingekuja, na Mzee angekufa akiamini majirani walikuwa na wivu. Na mwezi wa tatu ujao angetia jagi tatu.

"Hakusalimiwa," Sidonie alisema.

Anselme hakuelewa. Sidonie akamwambia kwamba mvinyo wa 2013 haukupewa salamu, kwamba alidanganya kwenye simu, jagi lilikwenda mtaroni. Bibi hayumo ndani yake hata tone.

Mzee akasema haiwezekani, amemsikia. Sidonie akarudia. Mzee akasema basi umenidanganya leo, si siku ile. Uso ulikuwa umemwiva. Akasimama, akashika fimbo yake na glasi yake, akawaambia wamfuate, wakamwone huyo Bibi wanayemwogopa kama kidonda. Odilon alijaribu kumshika mkono, akasukumwa.

Mfuniko wa Bibi ulikuwa haujafunguliwa miaka na miaka. Odilon aliusukuma kwa bega. Harufu haikutoka, ilianguka, kama mtu aliyekuwa ameegemea mlango. Siki kali ya kuchoma macho, chini yake zizi, chini ya zizi kitu kitamu kitamu cha kuoza ambacho hakina jina. Juu ya mvinyo ilitanda ngozi, ya kijivujivu, imekunjamana kama malai ya maziwa yaliyochemka jana, na katika mikunjo yake vijinzi vidogo kwa mamia, wengine wamekufa, wengine bado wanatembea juu ya wenzao. Ukutani mwa pipa kulikuwa na ute.

Anselme alipanda kijingazi, akaitoboa ngozi ile kwa glasi yake, akachota, akanywa.

Alikunywa yote. Ilisikika ikipita kooni. Aliposhusha glasi, uzi mmoja wa ute ulikuwa umebaki kwenye masharubu yake, mrefu, unaning'inia, na nzi ndani yake.

"Iko wapi shida?" aliuliza. "Niambieni. Iko wapi?"

Bi Vauzelle alitoka nje mbio. Wakamsikia akitapika karibu na trekta, yeye na maneno yake machache. Odilon alivua kofia yake akawa anaigeuzageuza mkononi, na machozi yalikuwa yanamtoka, ambayo baadaye aliapa ni ya siki.

Sidonie alipanda kijingazi, akatoa leso, akamfuta mzee mdomo. Uzi ulivutika kabla ya kukatika. Alilazimika kuufuta mara mbili.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "tangu lini husikii harufu?"

Alidhani atakataa. Mzee aliangalia ndani ya pipa.

"Tangu ile Krismasi ya korona tulipougua wote," alisema. "Ninyi harufu ilirudi. Yvonne alipofariki niliingia kabatini kwenye nguo zake. Nikakaa humo mpaka jioni. Hakuna kitu, mwanangu. Kama kunusa ukuta."

Kisha akasema ndiyo maana alitia jagi mbili. Alifikiri Bibi, kwa vile ana nguvu kuliko wote, siku moja atapenya.

Odilon alivaa kofia, akasema atakwenda kumwangalia Bi Vauzelle, na akaenda kweli, polepole, bila kugeuka.

Mvinyo wa mwaka jana ulikuwa umeshasalimiwa, pipa kwa pipa, na hakuna wa kuutoa Bibi ndani yake. Sidonie alilijua hilo akiwa bado juu ya kijingazi. Alimwambia mzee kwamba hawatapeleka kitu Alhamisi. Ataiandikia kamati yeye mwenyewe, waliondoe jina, lori lije. Na mapipa yote yatakwenda kuchomwa, wa mwaka huu utakaa kwenye chuma. Alitegemea fimbo ipigwe chini. Mzee aliuliza tu kama na Bibi atachomwa.

"Leo anamwagwa. Kesho anachomwa."

Alishuka, akatafuta nyundo, akapiga kizibo cha chini cha pipa mara nne. Kilipotoka, Bibi alianza kumwagika kuelekea mtaroni, kwanza kwa nguvu, kisha kwa kusitasita, kila ute unapopita. Sidonie aliziba pua kwa kiwiko. Anselme alikaa kwenye kijingazi, miguu karibu kabisa na ule mkondo, mikono juu ya fimbo.

"Inanukaje?" aliuliza.

Sidonie alitaka kumwambia asijali. Halafu akashusha kiwiko, akavuta pumzi.

"Kama zizi lililofurika," alisema. "Na siki. Na ile dawa ya Mama ya kutoa rangi ya kucha."

"Endelea."

"Kuna kuku. Kuku aliyesahaulika kwenye gari wakati wa joto."

Mzee aliitikia kwa kichwa, makini, kama mtu anayesomewa barua kutoka mbali. Mvinyo uliendelea kutoka, sasa wa kahawia, mzito, umebeba vitu. Kimoja kilikwama kwenye tundu kikavimba, kikasukumwa, kikatoka.

"Na sasa?"

"Sasa imezidi, Baba," Sidonie alisema, akainama pembeni akatapika, akajifuta, akaendelea kumweleza.